Pikipiki Iliyowashwa Kila Jumapili

Kila Jumapili baada ya ibada, Wanjira alikuwa na shughuli moja ambayo hakuna aliyemtuma. Hakuanza na chai. Hata kitambaa cha kanisani hakukivua kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda nyuma ya nyumba yao pale Kinoru, mjini Meru. Alifunua gunia, akaitazama pikipiki ya mumewe, kisha akabonyeza kitufe cha kuiwasha. Pikipiki ikanguruma. Wanjira akasimama kando yake, mikono kifuani, akasikiliza.

Kuiendesha hakujua. Alitaka kuisikia tu. Zamani mlio huo ndio uliomwambia kwamba mumewe amefika kwenye kona na chai imiminwe. Alimkumbuka Mutugi sana, na hakuona haya kusema hivyo. Wengine huweka picha ukutani. Yeye aliwasha injini. Akishasikiliza kwa muda wa wimbo mmoja hivi, aliizima, kwa maana petroli haiokotwi njiani. Aliifunika tena, ndipo akaingia ndani kupika.

Mutugi alikuwa Turkana. Aliendesha lori la chakula cha msaada, na huko likizo huja mara moja kwa mwaka. Aliondoka mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, binti yao Kiende akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Siku ya kuondoka aliiegesha pikipiki kibandani, akapapasa kiti chake kama mtu anayeaga ng'ombe wake.

"Mama Kiende," alisema, "hii kitu usiache ilale. Uwe unaiwasha kidogo. Nikirudi Krismasi tunashuka nayo mpaka kwenu."

Kwao Wanjira ni Mbeere, kule chini Embu, kwenye jua na ndengu. Meru ilimpa mume na shamba la viazi, lakini ilimpa baridi pia, na Kimeru chake bado kiliwachekesha wauza duka. Tangu aolewe alikuwa ameshuka nyumbani na pikipiki hiyo mara moja tu. Aliikumbuka safari hiyo yote. Alikumbuka walivyoteremka, joto likawapokea usoni, akavua sweta huku wakienda. Mama yake aliisikia injini kabla ya kuwaona, akawa tayari amesimama njiani. Wanjira alitamani safari hiyo irudi vile vile ilivyokuwa.

Krismasi ilipofika, Mutugi hakufika. Ile mvua ya Elinino ilikata barabara, ikabeba madaraja, na malori yakakwama huko huko. Mwaka mpya ukaingia bila yeye. Kiende akajifunza kutembea. Akajifunza maneno machache, na moja kati ya hayo lilikuwa "Baba".

Hilo alifundishwa kibandani. Kila Jumapili injini ilipowaka, Wanjira alimwinamia mtoto akamwambia, "Sikiliza. Huyo ni Baba." Kiende hakumjua baba yake kwa sura. Alimjua kwa mlio. Ukiwaka tu, alikuja akiyumbayumba kutoka jikoni, akapiga makofi, akasema, "Baba."

Basi Jumapili moja ya mwezi wa tatu pikipiki ikakataa. Kwanza ilikoroma kivivu, ikawaka kwa shida. Jumapili iliyofuata haikukoroma hata kidogo. Ilisema "tik", ikanyamaza. Wanjira alibonyeza tena. Tik. Haikuwa na kiki ya kupiga kwa mguu. Ilikuwa ya kitufe tu.

Kiende alikuwa amesimama mlangoni, mikono tayari kupiga makofi. "Baba?" aliuliza.

Wanjira alirudisha gunia, akambeba mtoto, wakarudi ndani.

Sasa, msomaji, usimcheke kwa alichofanya. Sisi sote tumewahi kuanika mawe ya redio, yaani betri zake, juani ili tusikilize habari siku mbili zaidi. Wanjira naye aliwaza hivyo hivyo. Alichukua spana ya Mutugi chini ya kiti, akaitoa betri. Siku ya jua kali aliipandisha juu ya mabati ya banda la kuku, akaiacha huko mchana kutwa. Aliigeuza kila upande kama mtu anayekausha mahindi. Jioni aliirudisha, akabonyeza. Hata ile "tik" haikuwepo.

Aliyeusikia ukimya huo zaidi ni shemeji yake, Mbaabu, ndugu mkubwa wa Mutugi. Waliishi boma moja. Mbaabu hakuwa mtu mbaya. Hakuweza tu kuona kitu kimekaa bure na akalala vizuri. Alikuja, akaipiga teke gurudumu, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii pikipiki imekufa," alisema. "Chuma ikikaa bure inajila yenyewe. Tuiuze kama skrepa, chuma chakavu, kabla hata hiyo haijakosa mtu wa kuinunua."

Alikuwa amekwisha kumpata dalali pale soko la Gakoromone, mtu wa kununua vipuri. Mutugi alikuwa na desturi ya kupiga simu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye duka la mwanamke mmoja, Nasteho, hapo hapo sokoni. Mbaabu alieleza mpango wake: Jumamosi wataisukuma pikipiki hadi Gakoromone, watamuuliza Mutugi kwa simu, akikubali dalali ataichukua papo hapo.

Wanjira hakubishana. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao hawezi kuanza kugombana na ndugu wa mume juu ya mali ya mume. Lakini moyo ulimuuma. Pikipiki ikienda, ile safari ya Mbeere ingekwenda nayo. Na Kiende je? Mtoto huyo hakuwa na baba mwingine ila mlio ule.

Siku ya Alhamisi aliitia betri ndani ya kiondo, akaenda Gakoromone mwenyewe. Alipita wauza nyanya, akapita wauza ndizi, akaingia dukani kwa Nasteho.

Nasteho, ambaye wengi walimwita Mama Ijabo, aliuza vipuri vya malori. Mumewe, Barre, aliendesha lori la mifugo kati ya Isiolo na Moyale, na mvua ile ile ilikuwa imemfungia huko kwa miezi. Kwa hiyo wanawake hawa wawili walielewana bila maneno mengi. Walikuwa wamekaa Jumamosi nyingi kando ya simu ile, wakiitazama.

Kwenye kona ya duka kulikuwa na chaja kubwa ya betri za malori, ikiunguruma. Wanjira aliomba betri yake iwekwe hapo pamoja na nyingine.

Nasteho alitazama kiondo kwanza. Chini kilikuwa kimelowa, na katani imeanza kukatika. Akamwambia aweke chini haraka, aimwagie mikono yake maji mengi, aimwagie tena. Yale maji ya ndani ya betri ni asidi, alimweleza. Huunguza ngozi, hula nguo, na yakirukia jicho yanaweza kulipofua. Betri hubebwa wima siku zote, wala hailazwi wala kugeuzwa.

"Na kwa hiyo chaja kubwa siweki," alisema Nasteho. "Hiyo ni ya lori. Inasukuma moto mwingi. Hii yako ndogo itachemka, maji ikauke, na zile sahani za ndani zipinde. Nimeona nyingi zikifia hapo. Hebu niambie, ilianzaje?"

Wanjira alieleza yote. Alieleza juu ya Jumapili, juu ya wimbo mmoja, juu ya mabati ya banda la kuku. Hapo kwenye mabati Nasteho alicheka kidogo, akasema jua halichaji betri, joto linaichosha tu. Juu ya Jumapili hakucheka.

"Sikia, Mama Kiende. Ukibonyeza ile kitufe, betri inatoa nguvu mingi mara moja. Halafu wewe unazima baada ya dakika kidogo, na pikipiki imesimama tu. Ile nguvu hairudi. Kila Jumapili umekuwa ukichota, hurudishi."

"Lakini ilikuwa inanguruma vizuri."

"Itanguruma. Lakini kushiba, inashiba ikiwa njiani. Nusu saa, saa nzima, ikienda. Hata ukiiacha bila kuigusa, yenyewe inapungua mos mos, polepole. Sasa wewe ulikuwa unaisaidia kupungua."

Wanjira alikaa kwenye sanduku la vipuri. Alitazama mikono yake. "Kwa hivyo ni mimi nimeiua," alisema.

"Ulikuwa unamtafuta mzee wako," alisema Nasteho. "Hata mimi lori ya Barre ikichelewa naenda kusimama pale barabarani. Na kusimama kwangu hakujawahi kuleta lori."

Kisha akapanda kiti, akashusha kitu kidogo kutoka rafu ya juu, akakipangusa vumbi kwa upindo wa shuka. Kilikuwa kisanduku chenye nyaya mbili na taa mbili, kidogo kuliko mkate. Alieleza kuwa ni chaja aliyokuja nayo kaka yake, Abdimalik, kutoka Uingereza. Huko baridi ikiingia, watu huziacha pikipiki zao zimelala miezi mingi, na chaja kama hii ndiyo huzilinda. Madereva wa malori waliiita chaja ya mtoto, wakaicheka, ikabaki juu ya rafu. Hakuna aliyekuwa na kitu kidogo cha kuipa.

"Hii iko na akili," alisema Nasteho. "Ile kubwa haijui kuacha. Hii inapima betri kwanza, inaipa polepole, na ikijaa inapunguza yenyewe. Betri ikishuka kidogo, inaiongeza. Unaweza kuiacha wiki, mwezi, haiunguzi."

Alifanya kazi taratibu, akimwonyesha Wanjira kila hatua ili siku nyingine afanye mwenyewe. Kwanza alisoma ubavuni mwa betri kuona kama nguvu yake inalingana na ya chaja. Alisugua ule ukoga mweupe kwenye vichwa vya betri kwa kitambaa chenye maji ya magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Akavifungua vifuniko. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, akayaongeza hadi yakafika. Hakutumia maji ya bomba wala asidi. Alitumia maji ya betri yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Mwanamume mmoja aliyesimama mlangoni na sigara alifukuzwa, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Ndipo Nasteho akaunganisha waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha na mweusi kwenye alama ya kutoa. Stima aliiwasha mwisho kabisa.

Taa nyekundu ikawaka.

"Itapona?" aliuliza Wanjira.

"Sijui," alisema Nasteho, na Wanjira alimpenda kwa kutomdanganya. "Betri ikikaa tupu muda mrefu, ndani inashika kitu kama chumvi. Hiyo ikikauka, hakuna chaja itaitoa. Lakini yako haijakaa sana. Tungoje."

Siku ya Ijumaa Wanjira alikuja tena, akisingizia kununua vitunguu. Taa ilikuwa bado nyekundu. Alirudi nyumbani na vitunguu ambavyo hakuvihitaji.

Jumamosi Mbaabu aliisukuma pikipiki hadi Gakoromone, jasho likimtoka, bila kujua kwamba chini ya kiti hakukuwa na betri. Wanjira alitembea nyuma yake na Kiende mgongoni. Dalali alikuwa amekwisha kufika, amevaa koti refu, anaitazama pikipiki kama mtu anayechagua kuku wa sikukuu. Nasteho alimwonyesha Wanjira kona kwa macho tu.

Taa ilikuwa ya kijani.

Simu ililia saa nne, kama kawaida. Mbaabu aliichukua. Alimsalimu ndugu yake, akampa habari za mvua na za mama yao, halafu akaanza kueleza kuhusu pikipiki. Alisema imekufa. Alisema ni vizuri iuzwe mapema. Wakati huo huo Wanjira alizima stima, akazitoa nyaya za chaja, akaibeba betri wima kwa mikono miwili hadi mlangoni. Akafunua kiti. Akafunga waya mwekundu kwanza, kisha mweusi, akakaza kwa ile spana ya Mutugi.

Mbaabu alimkabidhi simu. "Amekubali," alisema kwa upole. "Ongea naye."

Sauti ya Mutugi ilikuwa mbali, imejaa upepo. "Mama Kiende, Mbaabu amenieleza. Si vibaya. Kama imekufa, acha iende. Tutanunua ingine."

Wanjira alitaka kumwambia mengi. Alitaka kumwambia kwamba anamhitaji, kwamba mwaka umekuwa mrefu, kwamba mtoto ana meno sasa. Alisema, "Subiri hapo. Usikate."

Alimpa Nasteho mkono wa simu, naye akavuta waya wake hadi ulipoishia, karibu na mlango. Wanjira akabonyeza kitufe.

Pikipiki ilinguruma papo hapo. Wauza nyanya waligeuka. Kiende, aliyekuwa mgongoni, alianza kupiga makofi kwenye mabega ya mama yake. "Baba," alisema. "Baba, Baba." Dalali alimtazama Mbaabu, na Mbaabu akaitazama pikipiki kama mtu aliyesalimiwa na marehemu.

Wanjira aliizima, akaichukua simu. Hakusikia kitu. Alidhani imekatika.

"Bado uko?" aliuliza.

"Niko," alisema Mutugi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa nimesahau vile inalia. Huyo alikuwa anasema Baba, ni Kiende?"

"Ni yeye. Ndivyo anaiita."

Mutugi alisema, "Basi isiuzwe. Uwe unamwashia kila Jumapili."

"Hapana," alisema Wanjira. "Hapo ndipo mimi na wewe tulikosea. Ukiiwasha na haiendi popote, inamaliza betri. Inataka safari, Baba Kiende. Njoo uiendeshe."

Dalali alikwenda zake kutafuta skrepa kwingine. Mbaabu alicheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kukosea mbele ya watu wengi hivyo. Kwa kuwa naye hakujua kuendesha, aliisukuma pikipiki tena mpaka Kinoru, safari hii ikiwa nzima.

Tangu siku hiyo Wanjira alibadili mambo. Aliitoa betri tena, waya mweusi kwanza halafu mwekundu, akairudisha kwenye ile chaja ndogo dukani. Kila alipokwenda sokoni aliipitia. Alitazama taa, alitazama mstari wa maji, akapangusa vichwa. Habari zilienea. Mwalimu mmoja wa Kaaga alileta betri ya pikipiki yake, halafu afisa wa kilimo akaleta yake, zikachajiwa kwa zamu, na ile chaja ya mtoto haikurudi kwenye rafu.

Lakini nisikudanganye, msomaji. Jumapili zake zilikuwa ngumu. Alirudi kutoka kanisani, akapita karibu na kibanda, hakuwasha kitu. Kiende aliingia peke yake, akalipapasa tangi, akasubiri. "Baba amelala," Wanjira alimwambia. Alikuwa ameacha kuusikia mlio ule ili usije ukapotea kabisa. Alimkumbuka Mutugi zaidi katika ukimya huo kuliko alivyomkumbuka katika kelele.

Barabara zilikauka. Mwezi wa sita Mutugi alipiga simu kusema anakuja, na Wanjira akaenda kuichukua betri siku hiyo hiyo, akaifunga mahali pake.

Mutugi alifika mchana mmoja, mweusi kwa jua, amekonda, na mfuko begani. Wanjira alimshika mikono yote miwili, akalia kidogo, akaona si aibu. Kiende alimtazama yule mtu mgeni, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mutugi alichuchumaa, akamwita kwa jina. Mtoto akakataa. Wanjira aliona uso wa mumewe ukisawijika.

"Nenda kibandani," alimwambia. "Bonyeza."

Alibonyeza mara moja tu, ikawaka. Kiende alitoka nyuma ya sketi, akafika katikati ya ua, akasimama. Alitazama pikipiki, akamtazama mtu, asielewe. Mutugi alinyoosha mkono kuizima ili amkaribie, lakini Wanjira alimzuia.

"Usizime. Ikishawashwa ni ya kwenda. Fika Nkubu, urudi. Kesho kutwa tunashuka Mbeere, na nataka iwe imeshiba."

Mutugi alicheka, akapanda, akaondoka. Mlio ulikwenda ukipungua, ukapita kona, ukaisha. Wanjira aliingia jikoni kuponda mukimo. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa amesikiliza injini isiyokwenda popote, na sasa ilikuwa imekwenda. Aliponda viazi, masikio yakiwa nje.

Aliyeisikia kwanza ni Kiende. Alikwenda hadi mlangoni, akaonyesha kidole barabarani, akasema, "Baba."

Na kweli alikuwa yeye.